Waya inayosema "usiweke stenti", na kampuni zinazouza zote mbili

Kwa biashara ya matibabu ya moyo kuna kifaa kimoja cha ajabu, waya nyembamba ambayo kipenyo chake hakifiki hata nusu milimita, karibu na ncha iko na sensa ya presha, na kazi yake kubwa ni kumwambia daktari hapo usiweke kitu, acha hivyo. Ajabu yenyewe si waya. Ajabu ni kwamba baadhi ya wakubwa wanaoiuza ndio hao hao wanauza stenti, kale kabomba ka chuma kanakoachwa ndani ya mshipa ili ukae wazi, yaani kile kitu ambacho waya inasema kisiwekwe. Ukishika hiyo pointi moja, ile vita yote ya kampuni za kupima damu kwenye mishipa ya moyo, nani amenunua nani, nani amepeleka nani kortini, kwa nini kila baada ya muda kunazuka kipimo kipya cha herufi tatu, inaanza kuingia akilini.

Naandika hii nikiwa Nakuru na najua hapa stori ni moja, na watu wa Kisumu na Kakamega watakuambia ni hiyo hiyo tu: mzee anashikwa na kifua akipanda ngazi, anapimwa ECG hapa, anatumwa Nairobi ama Eldoret, anarudi na karatasi imeandikwa mshipa umeziba asilimia 70, na jioni hiyo hiyo kuna grupu ya WhatsApp ya mchango imefunguliwa na treasurer ameshachaguliwa. Hakuna mtu anauliza hiyo 70 imetoka wapi. Imetoka kwa macho. Daktari anapitisha katheta, mrija mwembamba, kwa mkono ama kwa paja hadi kwa moyo, anamwaga dawa inayoonekana kwa eksirei, anaangalia kivuli cha mshipa kwa skrini, anaona pahali pamebana, na anakadiria. Wengine wanapima na kompyuta lakini kwa kawaida ni jicho, na jicho la mtu mwenye uzoefu si kitu cha kudharau, ila linaangalia kivuli. Halioni kama ile misuli ya moyo iliyo mbele ya pale pamebana inakosa damu ama inapata.

Na hapa ndio mambo inakuwa tamu. Mwaka wa 1974 mtafiti Mmarekani K. Lance Gould alionyesha kwa mbwa kwamba mshipa unaweza kubana sana, karibu asilimia 85, kabla damu ya wakati wa kupumzika haijapungua, lakini ule uwezo wa kuongeza damu wakati moyo unafanya kazi ngumu unaanza kupotea mapema zaidi, kama kwa asilimia 50 hivi. Kwa hivyo swali si umeziba kiasi gani, swali ni ukikimbia, ukibeba gunia, damu ya kutosha itapita? Hata Andreas Grüntzig, yule aliyefungua mshipa wa moyo kwa baluni mara ya kwanza pale Zürich 1977, alikuwa anapima presha kabla na baada ya pale pamebana. Shida ni kwamba katheta za wakati huo zilikuwa nene, zenyewe zinaziba mshipa unaojaribu kuupima, kwa hivyo namba zilikuwa za kupotosha na watu wakaachana na hiyo kitu.

Walioirudisha ni Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji, miaka ya 90. Wazo lao ni rahisi hadi unajiuliza kwa nini lilichelewa: mpe mgonjwa dawa ya adenosini ili mishipa midogo ya moyo ifunguke yote, pima presha mbele ya pale pamebana, pima presha nyuma kule inakotokea, gawanya. Kama mbele ni 75 na nyuma ni 100, jibu ni 0.75, maana yake huo mshipa unapitisha robo tatu tu ya kile ungepitisha kama ungekuwa mzima. Ndio wakaiita FFR (fractional flow reserve). Mwaka wa 1996 walichapisha wakitumia 0.75 kama mpaka, baadaye mpaka ukasogezwa ukawa 0.80, na huo ndio unatumika hadi leo. Chini ya hapo, fungua. Juu ya hapo, dawa na kufuatilia.

Halafu ikaja FAME, 2009, utafiti wa wagonjwa 1,005 wa Ulaya na Marekani wenye mishipa zaidi ya mmoja iliyobana. Nusu walitibiwa kwa jicho, nusu kwa waya. Wale wa jicho waliwekewa wastani wa stenti 2.7 kila mmoja, wale wa waya 1.9. Sasa ungedhani wenye stenti chache ndio waliumia zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja vifo, mshtuko wa moyo na kurudi kufunguliwa tena vilikuwa asilimia 18.3 kwa jicho na 13.2 kwa waya. Chuma kidogo, matatizo kidogo. Na walipochambua zaidi wakapata kwamba katika ile mishipa jicho liliona imebana kati ya asilimia 50 na 70, ni kama 35 kwa kila 100 tu ndio ilikuwa inanyima moyo damu kweli. Kwa 71 hadi 90 ilikuwa 80 kwa kila 100, bado kuna ishirini ya bure hapo. Juu ya 90 jicho lilikuwa sawa karibu kila mara, kwa hivyo mtu asije akasoma hapa akamwambia daktari hata 95 ipimwe kwanza, na pia mtu mwenye mshtuko wa moyo saa hii hii hiyo ni stori nyingine kabisa, huyo anafunguliwa haraka pale palipoziba na hakuna kupoteza muda.

Sasa rudi kwa biashara. Una kifaa ambacho kimethibitishwa kinapunguza stenti karibu moja kwa kila mgonjwa wa aina hiyo. Hospitali nyingi duniani zinalipwa kwa kuweka, si kwa kutoweka. Daktari akitumia waya anaongeza dakika, anaongeza bei ya waya ambayo ni mamia ya dola na inatupwa baada ya mgonjwa mmoja, anampa mgonjwa adenosini ambayo inamfanya ahisi kifua kinabanwa na pumzi inakata kwa muda mfupi, halafu mwisho wa yote anaambiwa na namba kwamba ile kazi yenye malipo haihitajiki. Nani ataharakisha kununua hiyo? Ndio maana hata Marekani, hata baada ya FAME, waya iliendelea miaka mingi kutumika kwa sehemu ndogo tu ya wagonjwa ambao ingewafaa. Watu husema ni ujinga wa madaktari. Mimi sikubali, ni hesabu tu, mtu anafuata pale pesa inatoka.

Kwa nini basi kampuni kubwa za stenti ziliingia? Ukiangalia vizuri utaona kwamba yule anayeweka waya yake kwa mshipa ndiye ameshakalia meza. Waya ya presha pia ni reli, baluni na stenti zinaweza kupita juu yake. Na mgonjwa ambaye kipimo kimesema afunguliwe, sasa amethibitishwa, hakuna bima itabisha. Kwa hivyo kampuni inapoteza stenti kadhaa kwa upande mmoja na inapata heshima, data, na kiti karibu na daktari kwa upande mwingine. Hiyo si hasara vile inaonekana.

Waya iliyofanya FAME ilitoka kwa kampuni ndogo ya Uppsala, Sweden, inaitwa Radi. Disemba 2008, wiki chache kabla FAME kuchapishwa, St. Jude Medical ya Marekani ikainunua kwa dola milioni 250. Ni timing ya mtu aliyejua anachofanya. Halafu Januari 2017 Abbott ikameza St. Jude yote kwa karibu dola bilioni 25, na waya ya Uppsala ikajikuta kwa nyumba moja na stenti za Xience, ambazo ni kati ya stenti zinazotumika sana duniani. Upande wa pili kulikuwa na Volcano ya San Diego. Hawa wawili, St. Jude na Volcano, walishtakiana Marekani kuanzia 2010 kuhusu patenti za waya, kila mmoja anasema mwenzake ameiba. Wakati wanasheria wanakula, Volcano ilikuwa inajenga kitu kingine, na mwanzo wa 2015 Philips ikainunua kwa dola bilioni 1.2. Philips haiuzi stenti za moyo, yeye anauza mashine za eksirei zinazojaza chumba kizima cha katheta, kwa hivyo lengo lake ni tofauti: waya, picha na skrini vyote viongee lugha moja, na ukishanunua mashine yake ya mamilioni utaona ni usumbufu kuchomeka waya ya mtu mwingine.

Hapo ndio moyo wa ushindani wenyewe. Kila waya inahitaji mashine ya kuisoma, na mara nyingi waya ya huyu haisomwi na mashine ya yule. Mashine inaweza kuja kwa bei ya chini ama ikaletwa tu kwa makubaliano kwamba mtanunua waya kadhaa kwa mwaka. Ni kama dekoda ya TV, dish wanakufungia kwa bei ya kutupa halafu wanakungoja kwa malipo ya kila mwezi. Ukishazoea, ukifundisha manesi, ukipanga stoo, kubadilisha kampuni kunakuwa kazi kubwa kuliko tofauti ya bei.

Sasa ile kitu Volcano ilikuwa inajenga. Waliangalia malalamiko ya madaktari wakaona namba moja ni adenosini, wakauliza, je tukipima bila dawa? Timu ya Justin Davies pale Imperial College London ikapata kwamba kila mapigo ya moyo yana kipindi fulani, moyo ukiwa umelegea, ambapo upinzani wa mishipa midogo umetulia wenyewe, ukipima presha hapo hapo huhitaji dawa. Wakaita iFR, mpaka wake 0.89, na mwaka wa 2017 tafiti mbili kubwa, DEFINE-FLAIR ya wagonjwa 2,492 na iFR-SWEDEHEART ya 2,037, zikasema baada ya mwaka mmoja matokeo si mabaya kuliko FFR. Kwa DEFINE-FLAIR waliolalamika maumivu na usumbufu mezani walikuwa asilimia 30.8 upande wa FFR na 3.1 upande wa iFR. Kwa muuzaji hiyo ni dhahabu, na haki ya kutumia patenti iko kwa Philips.

Wengine wakafanya nini? Wakafanya kile kila mtu hufanya. Abbott wakaja na RFR, Boston Scientific wakaja na DFR, Opsens ya Quebec wakaja na dPR, ACIST ambayo ni ya Bracco ya Italia nao pia dPR. Kila moja inachagua kipande tofauti kidogo cha pigo la moyo, kila moja ina mpaka wa 0.89, na watafiti walipopitisha data ile ile kwa hesabu zote walipata majibu yanayolingana karibu kabisa. Yaani kisayansi ni kitu kimoja kilichokatwa mara nne ili kupita kando ya patenti. Ukisikia daktari anataja RFR na mwingine iFR usidhani mmoja amebaki nyuma, kwa kiasi kikubwa anakuambia tu hospitali yake ilisaini na nani.

Kuna mkia wa hiyo stori ambao wauzaji hawaupendi. Matokeo ya miaka 5 ya DEFINE-FLAIR yalionyesha waliokufa upande wa iFR ni asilimia 9.0 na upande wa FFR 6.2. Ile ya Sweden haikuonyesha tofauti ya maana. Wengine wanasema ni bahati mbaya ya hesabu juu tafiti hazikupangwa kujibu swali la vifo, wengine wanasema labda kipimo bila dawa kinaacha mishipa fulani mikubwa ambayo ingefaa kufunguliwa. Mimi najiunga na wale wanaosema kama namba iko karibu na mpaka, mpe adenosini umalize ubishi, ni dawa ya zamani.

Hao wengine wamebaki wapi? Boston Scientific na Opsens walienda njia ya sensa ya mwanga, badala ya umeme ni faiba, faida yake ni kwamba namba haiyumbi sana waya ikikaa ndani, na kuyumba ni shida ya kweli juu 0.79 na 0.82 ni maamuzi mawili tofauti. ACIST wakaweka sensa kwa katheta ndogo inayoteleza juu ya waya yoyote daktari anayopenda, wazo zuri, ila katheta ni nene kuliko waya kwa hivyo inaweza kuongeza kubana kidogo na namba ikashuka. Opsens ilipata wateja, ikatengeneza hata waya ya kuwekea vali mpya ya moyo ambayo inapima presha humo humo, halafu Disemba 2023 ikanunuliwa na Haemonetics ya Boston kwa kama dola milioni 253. Hiyo ndio njia ya kila mdogo kwa hili soko, unatengeneza kitu kizuri, unaonyesha kinafanya kazi, unanunuliwa. Sijaona mdogo wa waya aliyekua akawa mkubwa peke yake.

Lakini hatari kubwa kwa watu wa waya haikutoka kwa waya. Ilitoka kwa watu wa kompyuta waliouliza swali la kishenzi: mbona tuingize kitu kabisa? Kama una picha nzuri ya mshipa, umbo lake lote, na unajua fizikia ya kioevu kinachopita ndani ya bomba, si unaweza kukokotoa presha?

HeartFlow ya California, iliyoanzishwa 2007 na watu waliotoka Stanford, inachukua skani ya CT ya moyo, inajenga mishipa kwa kompyuta, inarudisha picha yenye rangi na namba kama za FFR kwa kila sehemu. Mgonjwa hajatobolewa zaidi ya sindano ya mkono. FDA, shirika la Marekani la kuidhinisha dawa na vifaa, iliruhusu mwisho wa 2014, Uingereza ikaipendekeza kwa hospitali zake 2017, na Agosti 2025 kampuni ikaingia soko la hisa la Nasdaq. Marekani bima ya serikali inalipa kama dola elfu moja hivi kwa uchambuzi mmoja. Angalia vile biashara imegeuka: hakuna waya, hakuna stoo, hakuna mashine kwa hospitali, unalipia jibu. Na pia angalia kile hakijageuka, bado unalipa kwa kila mgonjwa, bado mwenye hesabu ni mmoja. Utafiti wa Uingereza unaoitwa FORECAST, wagonjwa 1,400, ulipata kwamba wanaopelekwa kwa katheta walipungua, lakini gharama ya jumla haikushuka. Kwa watu wetu hiyo sentensi ya mwisho isomwe mara mbili.

Kundi la pili la kompyuta halitaki CT, linataka ile picha ya angiogramu, yaani kile kivuli cha mshipa kwa skrini, ambayo tayari inapigwa. QFR ya Medis, Leiden, na ya Pulse Medical, Shanghai. FFRangio ya CathWorks kutoka Israeli. Na China ziko zingine kadhaa. Daktari anapiga picha kutoka pembe mbili ama zaidi, softwea inajenga mshipa, dakika chache jibu limetoka, hakuna waya, hakuna adenosini. Medtronic, ambayo inauza stenti lakini kwa upande wa waya ya presha ilikuwa imelala, 2022 iliingia mkataba na CathWorks, ikaweka pesa na kujipa haki ya kuinunua kwa hadi dola milioni 585. Yaani aliyekosa vita ya waya ameamua kuruka hiyo vita yote.

Je, hizi softwea zinafanya kazi? Hapa nataka msomaji awe makini juu ndio mahali wauzaji wanacheza na akili za watu. FAVOR III China, 2021, wagonjwa 3,847, QFR dhidi ya jicho: matatizo ya mwaka mmoja 5.8 kwa 8.8, QFR imeshinda vizuri. FAVOR III Europe, 2024, wagonjwa 2,000, QFR dhidi ya waya: 6.7 kwa 4.2, QFR imeshindwa, hata kile kiwango cha "si mbaya kuliko" haikufika. Tafiti zote mbili ni za kweli na hazigombani. Moja inasema softwea ni bora kuliko macho matupu, nyingine inasema waya bado ni bora kuliko softwea. Kila kampuni itakutolea ile moja inayoipenda. Kwa hivyo ukiletewa grafu, kabla ya kuangalia nani ameshinda uliza alishindana na nani.

Na kuna jambo lingine ambalo jina la soko linaficha. Tunasema vifaa vya kupima mtiririko wa damu lakini karibu vyote nilivyotaja vinapima presha, na mtiririko unakadiriwa kutoka hapo. Mara nyingi inatosha. Haitoshi kwa mgonjwa ambaye mishipa mikubwa iko sawa lakini ile midogo isiyoonekana kwa picha imeharibika ama inajikunja, na hao ni wengi, wanawake wakiwa wengi zaidi, wanaambiwa angiogramu ni safi mama, enda nyumbani, ni gesi, ni mawazo. Kuwapima hao unahitaji mtiririko wenyewe. Waya ya Abbott inaweza, juu sensa yake inahisi pia joto, unasukuma maji ya chumvi yaliyo baridi kuliko damu na kuhesabu yanachukua muda gani kufika. Philips ilirithi waya za Doppler kutoka Volcano ambazo zinasikiliza kasi ya damu. Utafiti wa Scotland, CorMicA, 2018, ulikuwa na wagonjwa 151 tu lakini ulionyesha kwamba ukipima hivi na kutibu kulingana na jibu, maumivu ya kifua yanapungua. Hii ndio sehemu ya soko ambayo softwea za picha zinapata taabu kuingia, na nadhani ndio itaokoa waya. Madaktari wa upasuaji wao wako na soko lao kando, wakishashona baipasi wanabana kifaa cha ultrasaundi juu ya mshipa mpya kuona kama damu inapita kweli, na huko Medistim ya Norway ndio jina kubwa.

Bei je, zitashuka? China imeonyesha njia moja. Mwaka wa 2020 serikali yao ilikusanya mahitaji ya stenti ya nchi nzima ikaita wauzaji, bei ya wastani ikatoka yuan 13,000 hivi hadi kama 700. Kampuni zilizozoea faida nono zilishtuka. Stenti ikishakuwa ya bei hiyo, hesabu ya kipimo inabadilika kabisa: mbona ulipe waya ghali ili uokoe stenti ya bei rahisi? Hapo faida ya kipimo kwa mwili wa mgonjwa inabaki lakini faida ya pesa inayeyuka, na ndio sababu kampuni za China zimekimbilia softwea.

Sasa kwetu. Kwanza tusijidanganye, hospitali nyingi za kaunti huku Bonde la Ufa na magharibi hazina chumba cha katheta, na watoto wengi wa moyo huku ni wale wa homa ya baridi yabisi iliyoharibu vali, wale hospitali ya Tenwek kule Bomet inafungua vifua vyao miaka mingi sasa. Waya ya presha si kitu cha kwanza kwa orodha. Lakini mashine za CT zimefika miji mingi, vyumba vya katheta vinaongezeka, sukari na presha zimejaa, na wauzaji hawangoji tuwe tayari.

Tena tumeshaona mkataba wa vifaa ukienda vibaya. Ule mpango wa serikali ya Kenya wa kukodisha mashine za hospitali ulioanza 2015, hospitali mbili kwa kila kaunti, kaunti zilianza kwa kukatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye ikafika 200, na kuna mashine zilikaa kwa maboksi juu hakuna stima ya kutosha, ama maji, ama mtu wa kuziendesha. Seneti ilichunguza. Mtindo mpya ni kulipa kwa kila huduma, na hiyo inasikika vizuri kwa masikio, ila nimeshaeleza hapo juu kwamba kulipa kwa kila mgonjwa ndio ndoto ya kila kampuni ya hili soko. Uzuri wake unategemea bei ya hicho kitu kimoja kinachotumika kila mara na muda mmefungiwa.

Kwa hivyo kama uko kwa kamati ya hospitali, iwe PGH, ile hospitali kuu hapa Nakuru, ama "Russia", ile ya Jaramogi kule Kisumu, na siku moja agenti atakuja na sampuli na chai, mwambie aweke kando bei ya mashine kwanza. Muulize waya moja ni ngapi leo na itakuwa ngapi mwaka wa nne. Muulize kama mashine yake inasoma waya ya kampuni nyingine ama softwea yake inakubali picha za mashine mliyonayo. Kama ni ya kutuma picha nje, muulize zinakaa wapi na nani anaziona, tuko na sheria ya data tangu 2019. Muulize utafiti wake ulishindana na waya ama na jicho. Na muulize mtandao ukianguka mgonjwa akiwa mezani inakuwaje, juu hapa huanguka.

Kwa familia ni rahisi zaidi. Karatasi ikirudi na 50, 60, 70, na mgonjwa ametulia, hana mshtuko, muulize daktari kwa heshima: daktari, hii imepimwa na waya ama kompyuta, ama ni kwa macho? Kama hawana kipimo, kuna vipimo vingine vya kuona kama moyo unakosa damu ukifanya kazi, kama eko (ultrasaundi ya moyo) ya mazoezi ama ya dawa, muulize kama hiyo inaweza kufanywa kwanza. Daktari mzuri hakasiriki kwa hilo swali. Na dawa za kolesteroli, presha na aspirini kama ameandikiwa, hizo zinaendelea stenti iwekwe isiwekwe, juu nimeona wazee wakiambiwa hakuna haja ya stenti wakaenda nyumbani wakaacha kila kitu wakidhani wamepona.